Kabla ya Kununua Makucha, Pima Mgongo

 Leo hatutaulizana bei ya nyanya wala mvua imenyesha wapi. Leo tuzungumzie mgongo: mgongo wa binadamu kwanza, kisha mgongo wa trekta dogo.

Shuka Githurai 45 alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Barabara ya Thika. Wewe uliyekulia hapa unajua kwamba 45 ilikuwa namba ya matatu tu, na ng'ambo ya barabara kuna 44, nayo ni namba ya matatu. Namba zikageuka kuwa majina ya mitaa. Saa hiyo malori yameshafika. Ndizi zimetoka Murang'a na Meru, viazi na kabichi vimetoka Nyandarua. Nyuma ya kila lori wamesimama vijana, kila mmoja na gunia tupu lililokunjwa begani kama mto. Mmoja anageuka, anainama, anawekewa mzigo mgongoni. Magoti yanatetemeka mara moja, kisha anaondoka kwa hatua fupi za haraka huku akipaza sauti apishwe. Tazama mzigo wenyewe: gunia limejazwa hadi pomoni, halafu likashonewa kofia ya wavu juu. Lumbesa. Mwaka 2019 kanuni za viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Wengi walikichukua kikomo kile kuwa ni haki ya mkulima asipunjwe. Kwangu mimi ni haki ya uti wa mgongo pia.

Sasa panda matatu, pita Kahawa Sukari, pita Ruiru na Juja, fika Thika, kata kona uelekee Gatundu. Mgongo uleule utaukuta shambani. Kijana anazoa samadi zizini kwa uma, anapakia toroli, anasukuma, anarudi. Mwingine anang'oa visiki vya kahawa vya miaka 40 au 50. Mama amebeba nyasi za nepia zilizomfunika mpaka huuoni uso wake, unaona miguu tu ikitembea chini ya majani.

Ndiyo maana siku hizi nikikutana na wakulima wa upande huu, swali ni moja: nataka trekta dogo, na nataka lile lenye makucha mbele, je, unanishauri nini? Wameyaona kwenye simu. Makucha ya chuma yanafunguka, yanashuka juu ya rundo la matawi, yanafumba, yananyanyua kama mwewe anavyonyakua kifaranga. Dereva hajainuka kitini. Ni kitu cha kutamanisha, na mimi simlaumu mtu kwa kukitamani. Aliyewahi kuzoa samadi kwa uma siku nzima ana haki ya kutamani makucha.

Lakini ushauri wangu ni huu, na mengine yote nitakayosema leo ni kuufafanua: trekta dogo hununuliwa vifaa kuanzia nyuma kuja mbele. Makucha ni ya mwisho. Ukianza na makucha umeanza na paa kabla ya msingi.

Kwa nini nyuma? Turudi kidogo katika historia. Zamani plau ilifungwa nyuma ya trekta kwa mnyororo, kama ng'ombe anavyofungwa. Plau ikikwama kwenye jiwe au mzizi, magurudumu yaliendelea kuzunguka, pua ya trekta ikainuka, na trekta likamwangukia dereva chali. Wengi walikufa hivyo. Harry Ferguson wa Ireland alilifikiria jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1926 akapata hataza ya mfumo wa kukishikilia kifaa nyuma ya trekta kwa mikono iliyosukwa kiasi kwamba plau na trekta vinakuwa mwili mmoja. Mikono hiyo ni mitatu: miwili chini, mmoja juu katikati. Kifaa kikikazwa na udongo, nguvu ile inalikandamiza trekta chini badala ya kulipindua. Nenda katazame karibu trekta lolote leo, kubwa au dogo, jipya au kuukuu: utaikuta mikono ile mitatu.

Basi jambo la kwanza unapokwenda kuangalia trekta, usisimame mbele kupigwa picha. Zunguka nyuma, chuchumaa, uitazame mikono hiyo. Beba futi ya chuma. Pini za chini za trekta dogo la kawaida zina unene wa milimita 22, na ya juu milimita 19. Huo ndio unaoitwa daraja la kwanza. Matrekta makubwa zaidi yana daraja la pili, milimita 28 chini na 25 juu. Madogo kabisa huwa na pini za chini za milimita 16. Kwa nini nakupa hesabu hizi redioni? Kwa sababu nimemwona mtu ameuza ng'ombe wawili, akanunua slasha nzuri ya kufyeka nyasi, akaifikisha nyumbani, na matundu yakawa hayaingiliani na pini za trekta lake. Slasha ikakaa chini ya mwembe msimu mzima. Hilo si kosa la slasha wala la trekta. Hakuna aliyepima.

Kuwa makini zaidi ukinunua trekta dogo lililotumika kutoka Japani. Ni mashine imara, sina ubishi nazo. Lakini mengi yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, yakiwa na rotaveta yake ya kutifua matope tangu kiwandani. Mikono ya nyuma huenda ni ya kipimo chake, na maandishi kwenye vijiti ni ya Kijapani. Mengine hayana kabisa matundu ya kuchukulia mafuta ya haidroliki ya kuendeshea kifaa kingine. Utakapokuja kutaka makucha, swali la mafuta hayo ndilo litakalokusumbua. Liulize leo.

Katikati ya ile mikono mitatu kuna shafti fupi yenye meno, inayotoa nguvu ya injini nje. Waendeshaji huiita PTO. Kwa kawaida ina meno 6 na huzunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ndiyo inayozungusha slasha, rotaveta, mashine ya kukatakata nepia, pampu ya maji, na keekee kubwa ya kuchimba mashimo ya nguzo. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Nisikilize, mama unayefunga leso, na kijana unayevaa koti la mtumba lenye mikanda inayoning'inia: kabla hujamaliza kutamka neno "moja", shafti ile imeshajizungusha mara kadhaa. Ikishika ncha ya nguo haikupi nafasi ya kupiga kelele. Shafti ya kuunganishia kifaa huja na kifuniko cha plastiki. Mafundi wengine hukivua kwa sababu kinawazuia kupaka grisi. Ukikuta kimevuliwa, usikodi mashine hiyo, hata ukipunguziwa bei.

Sasa, vifaa gani vya nyuma? Hapa ndipo kazi inapochagua kifaa. Chukua karatasi, andika kazi unazofanya kila wiki, si zile unazofanya mara moja kwa mwaka. Kwa wakulima wengi wa kuanzia Ruiru mpaka Thika, ya kwanza kwenye karatasi ni kubeba: nepia, samadi, maji, mawe ya kujengea, mazao ya kupeleka sokoni. Basi kifaa cha kwanza ni trela, tena lile linalojimwaga lenyewe ukipata uwezo. Watu huliona trela kuwa kitu duni. Mimi nasema trela zuri litaokoa migongo mingi kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu linafanya kazi kila siku.

La pili ni kufyeka. Hesabu ya mkulima ni rahisi: kila futi moja ya upana wa slasha hudai nguvu za farasi 5 hivi. Trekta la nguvu za farasi 20 lipe slasha ya futi 4. Ukilifungia ya futi 6, utaiua injini huku ukisema trekta ni bovu.

La tatu ni udongo, na udongo wetu si mmoja. Upande wa juu, kuelekea Gatundu, ni udongo mwekundu, laini, wenye kina. Ukivuka barabara kushuka upande wa Juja unakutana na udongo mweusi, ule unaonata kwenye buti mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, na chini yake kuna jiwe. Rotaveta inayocheza kama densi kwenye udongo mwekundu itavunjika visu kule kwenye mawe. Huko unahitaji kwanza jino moja nene la kupasulia ardhi, lipite, likuambie chini kuna nini.

Jambo hili limewahi kuangamiza watu wenye fedha kuliko mimi na wewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika, kule Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta matingatinga, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Hawakuuchunguza vizuri udongo wa Kongwa. Mvua ilipokatika, udongo ule ukakauka ukawa kama saruji, chembe zake ngumu zikazila nyembe za chuma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Mashine zilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga magoti, akashika udongo mkononi na kuuliza kifaa gani kinaufaa.

Haya, sasa tuje mbele. Tuseme una trela, una slasha, una kifaa cha udongo, na kazi imeongezeka. Hapo ndipo loda linapoingia, yaani ile mikono miwili ya mbele inayoinuka na kushuka. Mwishoni mwa mikono hiyo unaweza kufunga baketi ya kuzolea, au uma mbili za kubebea paleti na marobota ya nyasi, au makucha. Muuzaji atakuambia: loda hili linainua kilo 400. Muulize: zikipimwa wapi? Mara nyingi hupimwa pale kwenye pini, mwisho wa mikono. Lakini mzigo haukai kwenye pini. Unakaa mbele yake, nusu mita au zaidi, na kila sentimita unayosogea mbele inapunguza uwezo. Mbebaji wa Githurai anajua jambo hili bila kusomea: gunia likikaa juu ya mabega hubebeka, likining'inia nyuma linamvuta chini.

Sasa toa uzito wa makucha yenyewe. Makucha mengi ya trekta dogo hayakosi kilo 100, na mengine yanafika 150 au 200. Kwenye kilo 400 toa 150. Umebaki na 250. Toa na ile hasara ya mzigo kukaa mbele, huenda umebaki na 180. Umenunua kifaa kizito ili ubebe mzigo mdogo. Ndiyo maana nasisitiza: ukichagua makucha, chagua mepesi kabla ya makubwa, na upana wake usizidi upana wa magurudumu ya trekta. Makucha mapana yanapendeza dukani, lakini yakishika kisiki kwa ncha ya upande mmoja, yanausokota mkono wa loda.

Niwasimulie nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita, kwenye mteremko upande wa Gatundu, tulikodi trekta la nguvu za farasi 25 lenye loda na makucha, tung'oe kahawa ya zamani. Binamu yangu alikuwa kitini. Nyuma ya trekta hakukuwa na chochote, mikono mitatu mitupu. Akabana kisiki kikubwa, bado kina mizizi na udongo mwekundu umeshikamana nayo, akakiinua juu ili aone njia, akaanza kushuka. Nilikuwa natembea nyuma yake, hatua 10 hivi. Nikaona mwanga. Mwanga wa jua ukipita kati ya tairi la nyuma na ardhi. Akakanyaga breki, trekta likaendelea kuteleza. Matrekta mengi madogo yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, na magurudumu ya nyuma yalikuwa hewani. Gia ya kuendesha magurudumu yote manne haikuwa imewekwa, basi ya mbele nayo hayakuwa na cha kuyashika. Alichofanya ni kuachia loda lishuke. Kisiki kikapiga ardhi, nyuma ikarudi chini kwa kishindo, trekta likasimama. Binamu yangu yu mzima, namshukuru Mungu. Tangu siku ile sikubali mtu ainue kitu mbele wakati nyuma ni patupu.

Dawa yake si ghali. Chukua pipa la lita 200, lijaze zege mpaka nusu, ndani ukiwa umezamisha vyuma vya kuingia kwenye pini za mikono mitatu. Hilo linakaribia kilo 240, na linagharimu saruji, kokoto na fundi wa siku moja. Au acha slasha ining'inie nyuma unapofanya kazi ya mbele. Uzito wake unakusaidia. Wengine hujaza maji kwenye matairi ya nyuma, kila lita ikiongeza kilo moja. Kisha weka gia ya magurudumu manne, na mzigo ubebwe chini, karibu na ardhi. Kuinua juu ni pale tu unapomwaga.

Na mafuta je? Loda la kawaida lina njia mbili za mafuta ya haidroliki: moja ya kuinua na kushusha, nyingine ya kupinda na kukunjua. Makucha yanataka njia ya tatu, ya kufumba na kufumbua. Kama trekta lako lina matundu ya mafuta nyuma, fundi anaweza kuvuta mipira kutoka huko mpaka mbele. Kama halina, itabidi ununue vali ya kugawa mafuta, na bei yake iingie kwenye hesabu kabla hujalipa. Mpira ukivuja tundu dogo kama la sindano, usiupapase kwa kidole. Mafuta yale yana msukumo wa kupenya ngozi. Pitisha kipande cha katoni. Kikilowa, umelipata tundu.

Mafundi wa jua kali wa hapa kwetu wanaweza kuyatengeneza makucha, nami nawaamini. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini kagua kazi ya fundi wako: viungo vinavyozunguka viwe na bushi na mahali pa kupakia grisi, si bolti iliyopita kwenye tundu tupu. Meno yasiwe mbali mno, samadi isije ikapita katikati. Na mwambie asirundike chuma kwa kudhani kinaongeza nguvu, kwa sababu kila kilo anayoiongeza kwenye makucha anaitoa kwenye mzigo wako.

Mwisho, makucha yanafaa nini hasa? Watu hudhani ni kwa vitu vizito. Hapana. Ni kwa vitu vyepesi visivyoshikika: matawi ya kahawa yaliyopogolewa, nepia iliyolala ovyo, samadi iliyochanganyika na majani marefu, mikungu mitupu ya ndizi na majani ya kabichi yanayorundikana ukingoni mwa soko letu pale Githurai kila jioni. Baketi haiwezi kuvizoa, vinamwagika. Uma wa mkono unavizoa kidogo kidogo mpaka kiuno kinakufa ganzi. Hapo makucha hayana mpinzani. Kwa mchanga, kokoto au udongo mtupu, rudi kwenye baketi.

Na kama kazi ya namna hiyo unayo mara 2 au 3 kwa mwaka, usinunue. Jiungeni wakulima 5 au 6 wa kijiji kimoja, kila mmoja alete kifaa chake, makucha yawe ya wote, na mpange zamu. Tumezoea chama cha kununuliana masufuria na viti. Chama cha kununua chuma kinawezekana pia.

Msikilizaji, muda wangu unaisha. Kesho ukipita sokoni alfajiri, mtazame yule kijana anayeinama apokee gunia. Naye anapima kabla ya kuinuka: anapanua miguu, anasogeza mzigo, anatafuta pale unapokaa. Lifanyie trekta lako vivyo hivyo. Zunguka nyuma, tazama matairi yamekanyaga, halafu ndipo uinue. Trekta likivunjika, utateremka Kirinyaga Road utafute spea. Mgongo hauna spea.